Maji ya Udhu Yanakwenda Wapi? Somo la Mto Katuma na Watu Wake

  



Siku moja kabla ya sala ya Adhuhuri, mwanafunzi wa darasa la pili alikuwa anatawadha pale uani. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama anatazama maji yanavyoteremka kwenye kifereji, kisha akaniuliza, "Ustadh, maji haya yanakwenda wapi?" Nikamjibu, "Bondeni." Akasema, "Na kutoka bondeni?" Nikamwambia yanakwenda mtoni. "Na kutoka mtoni?" Hapo nikajibu kwa haraka, kwa kuwa muda wa sala ulikuwa umekaribia: "Baharini. Mito yote inakwenda baharini."

Jioni nilifungua ramani ya mkoa wetu, nikafuata mstari wa mto kwa kidole, nikaona kwamba nimemwambia mtoto jambo lisilo kweli. Sikukusudia, lakini mwalimu akikosea ni wajibu wake kusahihisha. Somo hili la mwaka huu ni kulipa deni la mwanafunzi yule, na kwa kuwa swali lake ni zuri, nimeona tulisome sote.

MTO USIOFIKA BAHARINI

Mto mkubwa wa upande wetu ni Katuma. Unaanzia katika nyanda za juu za magharibi, upande wa Wilaya ya Tanganyika. Huko ndiko kuna milima inayoelekea Ziwa Tanganyika. Mtu angedhani kwamba mto unaozaliwa jirani na ziwa kubwa kama lile utateremka moja kwa moja uingie humo. Haufanyi hivyo. Katuma unaligeuzia ziwa mgongo, unakuja mashariki, unapita mashamba ya Kakese na Mwamkulu, kisha unakwenda kusini hadi Sitalike.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukitazama paa la nyumba yenu. Mvua ikinyesha juu ya bati, tone linaloangukia upande huu wa mgongo wa paa huteremkia mbele ya nyumba, na lile la upande wa pili huteremkia nyuma, hata kama matone hayo mawili yalikuwa yameachana kwa kidole kimoja tu. Ile milima ya magharibi ni mgongo wa paa. Katuma umezaliwa upande wa mashariki wa mgongo huo, basi hauna njia ya kurudi magharibi.

Kutoka Sitalike mto unaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Humo hauendi tena kama mto wenye kingo mbili. Katika masika hutawanyika juu ya mbuga pana za Katavi, Katisunga na Chada, na sehemu hizo huwa kama maziwa. Kiangazi maziwa hayo hukauka yakabaki majani na udongo uliopasuka. Maji yanayobakia yanaungana na Mto Kavuu, na Kavuu unayapeleka Ziwa Rukwa.

Na Ziwa Rukwa ndio mwisho. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji yanaingia, na njia yao kubwa ya kutoka ni kupanda hewani kwa joto la jua. Chumvi na magadi yanayokuja na mito hayapandi pamoja na mvuke, kwa hiyo hubaki, na ndiyo maana maji ya Rukwa yana ladha ya magadi. Ni ziwa lenye kina kifupi. Mvua zikizidi miaka kadhaa hupanuka likameza mashamba, mvua zikipungua kingo zake hurudi nyuma sana. Wazee wa Bonde la Rukwa wanaijua tabia hiyo kuliko vitabu.

Linganisha na Mto Ugalla ulio kaskazini yetu. Mvua inayoingia Ugalla hupelekwa Mto Malagarasi, Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, na Ziwa Tanganyika hupunguza maji yake kwa Mto Lukuga ulioko Kongo, ambao huungana na Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Basi mvua ya siku moja, ndani ya mkoa mmoja, tone moja linaweza kufika bahari ya magharibi ya Afrika na jingine lisitoke kabisa nje ya Bonde la Rukwa. Maji ya udhu ya mwanafunzi wetu, kama hayakunywewa na ardhi njiani, ni ya kundi hili la pili.

SITALIKE, MJI MDOGO WA DARAJANI

Ukitaka kuuona Katuma vizuri, nenda Sitalike, kilomita zipatazo 35 kusini ya Mpanda katika barabara ya kwenda Sumbawanga. Kiutawala iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo. Abiria wa basi huiona kama kamji kadogo: maduka, mama lishe, nyumba za wageni, vijana wa bodaboda chini ya mti. Pale kuna daraja juu ya mto, na karibu na daraja kuna viboko ambao watu wa mbali hulipa fedha nyingi kuja kuwatazama. Wenyeji hawalipi, lakini wenyeji ndio wanaokutana nao usiku viboko wanapotoka kula majani. Kwa hiyo nawakumbusha vijana wetu: usiteremke ukingoni Magharibi ikishaingia.

Jambo la kijiografia la kuangalia pale ni kwamba mji huu umebanwa. Upande mmoja kuna hifadhi. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, ikaongezwa mwaka 1998, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Mji hauwezi kukua upande huo hata hatua moja. Basi watu wakiongezeka, nyumba na mashamba huelekea upande wa pili, yaani kule mto unakotokea. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Jina la Katavi lenyewe, kwa masimulizi ya Wabende, limetokana na Katabi, ambaye wanasema alikuwa mwindaji, na roho yake ikawa inakaa katika mkwaju karibu na ziwa. Wapo watu ambao hupeleka sadaka kwenye mti huo. Sisi tunalisoma hilo kama historia ya nchi yetu tu; ama sadaka zetu tunajua zinakopelekwa.

WATU WALITOKA WAPI?

Zamani nchi hii ilikuwa na watu wachache sana. Wenyeji wake ni Wapimbwe, Wabende, Watongwe na Wakonongo, na Wafipa kusini. Waliishi kwa kilimo kidogo, uwindaji, asali na uvuvi. Ng'ombe walikuwa shida kwa sababu ya ndorobo, inzi anayeleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Inzi huyo aliilinda misitu ya Katavi kuliko askari yeyote.

Mji wa Mpanda ulikua kwa madini ya risasi. Mgodi ulianzishwa enzi za Waingereza, na ili kuyasafirisha madini ikajengwa reli kutoka Kaliua, urefu wa kilomita zipatazo 210, iliyofika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Madini yakaisha, reli ikabaki, na pamoja na reli wakabaki watu. Wengi wa babu wa wanafunzi wetu walifika kwa treni ile kutoka Tabora, Ujiji na kwingineko, na pamoja nao zikaja juzuu, vibao vya kuandikia na darasa za kwanza za Qur'an katika vibaraza vya nyumba. Hii ni sehemu ya historia ambayo wazazi wangetusaidia kuiandika kabla wazee hawajaondoka.

Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi. Watu wengi sana walikimbilia Tanzania, na serikali ikawapa ardhi katika makazi ya Katumba na Mishamo huku kwetu, na Ulyankulu kule Tabora. Walikata pori wakalima. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo matatu walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo mwanafunzi asimwite mwenzake "mkimbizi" kwa sababu ya ukoo wake. Kwanza ni kosa katika adabu ya Kiislamu kumwita mtu kwa jina analochukia, na pili si kweli.

Kisha wakaja wafugaji, hasa Wasukuma, kutoka Shinyanga, Mwanza na Tabora, wakifuata malisho na ardhi ya mpunga. Kila pori lilipofyekwa ndorobo alipungua, na kila alipopungua ng'ombe waliongezeka. Wakaja pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakulima wa tumbaku na pamba, na baada ya Mkoa wa Katavi kuanzishwa mwaka 2012, watumishi wa serikali na wafanyabiashara. Leo ukikaa sokoni Mpanda utasikia lugha kumi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote.

HESABU

Sasa chukueni kalamu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Ulikuwa mkoa wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Toa ya kwanza katika ya pili: wameongezeka watu 588,354 katika miaka kumi. Maana yake ni kwamba kwa kila mtu mmoja aliyekuwapo mwaka 2012, mwaka 2022 walikuwapo wawili na zaidi kidogo.

Ongezeko hilo ni asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 3.2. Hakuna mkoa mwingine uliokua kwa kasi hiyo. Mji wetu wa Mpanda ulikuwa na watu 102,900 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye walizidi 240,000. Kuna hila nzuri ya hesabu hapa: gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko, utapata takriban miaka ambayo idadi itajikunja mara mbili. 70 gawanya kwa 7.1 ni karibu 10. Kwa wastani wa taifa ni karibu miaka 22.

Atakuja mtu aseme, "Ustadh, mkoa ni mkubwa." Ni kweli, una kilomita za mraba zipatazo 45,800. Ukigawa watu wote juu ya eneo hilo unapata kama watu 25 kwa kilomita moja ya mraba, na hiyo inaonekana nafasi tele. Lakini wastani huo unadanganya. Ndani ya eneo hilo kuna sehemu ya Ziwa Tanganyika, hifadhi ya taifa, mapori ya akiba na misitu iliyohifadhiwa, ambamo hairuhusiwi kujenga wala kulima. Watu hawakutandazwa kama mkeka. Wako barabarani, relini na mtoni.

Na mto? Mto hauna sensa ya kuongezeka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei mpaka Oktoba Katuma unaishi kwa maji yaliyohifadhiwa na misitu, chemchemi na ardhi oevu ya juu. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamekuwa wakiona kwamba maji yanayofika hifadhini wakati wa kiangazi yanapungua, na sababu kubwa wanayoitaja ni mabanio na mifereji ya kumwagilia mpunga huko juu, pamoja na kukatwa kwa miti kwenye vyanzo. Katika miaka ya ukame viboko wamekwama kwenye tope hadi kufa, mamia wakigombania dimbwi moja.

Wengine husema, kiboko akifa mimi inanihusu nini? Nimewahi kuisikia kauli hiyo barazani. Kiboko ni kama kipimo tu. Kama maji hayakumtosha kiboko pale Sitalike, basi hayakumfikia mchungaji wa Mpimbwe wala mvuvi wa Rukwa, ambao wako chini yake.

NANI ANYWESHEE KWANZA?

Hapa jiografia inakutana na fiqhi, na ndipo nilipotaka mfike. Mkulima wa juu hana nia mbaya. Ana watoto, ana majaruba, na mpunga hauvumilii kiu. Anafunga maji kwa viroba vya mchanga, shamba linajaa, anashukuru. Mwenzake wa chini anaamka anakuta mfereji mkavu. Mfugaji anakuja na ng'ombe 200 anakuta tope. Hapo ndipo fimbo na mapanga hutoka.

Kisa cha namna hii kilifika kwa Mtume (S.A.W.) Madina. Zubayr bin Awwam (R.A.) na mtu mmoja katika Answari waligombana kuhusu mifereji ya Harra iliyokuwa ikinywesha mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, na yule Answari alitaka maji yaachwe yapite. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zubayr anyweshe, kisha amwachie jirani yake. Angalieni hukumu hiyo ya kwanza: ilikuwa ya sulhu, Zubayr achukue kidogo kisha aachie. Answari akakasirika, akasema ni kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi yake. Uso wa Mtume (S.A.W.) ukabadilika, na hapo ndipo akampa Zubayr haki yake kamili, azuie maji mpaka yafike kwenye vizuizi vya shina. Wanazuoni waliipima haki hiyo wakaona inafika kwenye vifundo vya miguu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Humo kuna mambo mawili, na watu hupenda kulishika moja. Aliye juu ana haki ya kuanza. Hilo ni thabiti, wala aliye chini asione kwamba anadhulumiwa kwa sababu tu ya kungoja. Lakini haki hiyo ina mpaka unaopimika, vifundo vya miguu, kisha maji huachwa. Hakuna mahali aliporuhusiwa kuyafunga mpaka yamtoshe yeye kwa matakwa yake. Na kwa wafugaji liko katazo jingine la Mtume (S.A.W.) lililo wazi: mtu asizuie maji yaliyozidi haja yake kwa lengo la kuwafukuza watu malishoni.

Mitende ya Harra si mpunga wa Mwamkulu, na mimi si mufti. Jaruba la mpunga linahitaji maji yasimame siku nyingi, na hapo ndipo penye kazi ya wataalamu wa bonde, serikali za vijiji na vyama vya watumia maji, kupanga zamu na kutoa vibali. Zamu ya maji iliyoandikwa na kusomwa mbele ya watu wote, kwangu mimi, ni katika matendo yanayofanana sana na ile hukumu ya Madina. Nimeona pia kwamba katika mabishano ya maji mara nyingi huulizwa mtu ni kabila gani au alikuja mwaka gani. Zubayr hakuulizwa hivyo. Kilichoangaliwa ni shamba liko wapi na maji yanapita wapi.

KAZI YA NYUMBANI

Darasa la kwanza na la pili: chukueni chupa ya maji ya robo tatu ya lita. Hicho ndicho kiasi cha karibu na mudi moja, ambayo Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadhia. Jaribuni kutawadha kwayo mbele ya mzazi, kisha mpime mnatumia kiasi gani mnapofungulia bomba. Andikeni tofauti.

Darasa la tatu na la nne: muulize babu, bibi au mzee yeyote wa mtaani kwenu alifika Mpanda mwaka gani, kwa njia gani, na wakati ule maji aliyachota wapi. Muulize kama mahali hapo pana maji mpaka leo mwezi wa Oktoba. Chora ramani ndogo yenye mshale unaoonesha maji hayo yanaelekea Katuma au Ugalla.

Na yule mwanafunzi aliyeuliza swali, kazi yake ni nyepesi kuliko zote, maana ameshaifanya. Atasimama mbele ya wenzake awaeleze safari ya maji ya udhu kutoka uani kwetu hadi Rukwa, nami nitakaa nyuma nimsikilize. Daftari zote ziletwe Jumamosi kabla ya Alasiri.